Chakula cha Lori

Jiko la bustani lilipofungwa, Meneja wa chakula ndiye aliyetumwa kuwaambia wapishi. Mkurugenzi alikuwa na safari, au alisema ana safari, na kazi ya kutoa habari mbaya ikamwangukia yeye kwa sababu, kama alivyoambiwa kwa sauti ya kumsifu, wale ni watu wake.

Na kweli walikuwa watu wake. Alianzia mle mle, kwenye karo la kuoshea vyombo, akaja kukata mboga, akaja kushika mwiko, mpaka akapewa ofisi yenye feni na dirisha linalotazama bwawa la kuogelea. Aliyemwingiza jikoni mara ya kwanza, wakati ule binti aliyemaliza shule na hajui pa kwenda, alikuwa mpishi mkuu mwenyewe: mjomba wake, kaka wa mama yake wa tumbo moja. Asubuhi ile, alipokuwa akisafisha koo mbele ya yale majiko, alijua kwamba mtu wa kwanza anayemtoa kazini ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha kazi.

Ilikuwa bustani kubwa ya mapumziko. Familia zilikuja kupanda gurudumu, kuzunguka kwa treni ndogo, kuteleza kwenye mabomba ya maji, na wenye nafasi walilala kwenye hoteli iliyokuwa humo humo ndani ya uzio. Watoto walikuja kwa ajili ya maji. Wazazi, ukiwauliza vizuri, walikuja kwa ajili ya meza.

Aliwaeleza kama alivyoelezwa yeye. Kuanzia mwezi ujao chakula kitatoka kwa kampuni ya nje, yenye jiko moja kubwa kule kwenye eneo la viwanda. Kitapikwa huko, kitapozwa, kitafungwa kwenye mifuko ya plastiki, kitaletwa kwa lori lenye jokofu, na hapa kazi itakuwa kupasha na kupakua. Baadhi yao kampuni itawachukua. Kijana wa mikate akauliza kama mifuko nayo inaliwa, na wenzake wakacheka kile kicheko cha watu wasio na la kufanya.

Mjomba hakucheka. Alipunguza moto, akafunika sufuria, akataka kujua kitu kimoja tu: wageni wa leo wanakula nini.

"Ulichopika, Mjomba."

"Basi niache nimalize, mwanangu. Mengine tutaongea baadaye."

Hawakuongea. Majiko yaliuzwa, dohani ikang'olewa, ukuta ukapakwa rangi ya waridi, na pale palipokuwa na sufuria pakawa duka la zawadi. Wanasesere wa manyoya walijipanga kwenye rafu wakitazama mlango. Nyuma ya mgahawa kilibaki chumba chenye mashine za kupashia na friji moja ya maziwa.

Mwakilishi wa kampuni alikuwa mwanamume mtanashati ambaye wahudumu walimpa jina la Tabasamu siku ile ile ya kwanza, maana meno yake yalikuwa yakiingia mlangoni kabla yake. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Ukimwambia kuku wa Jumatatu ana ladha ya samaki wa Alhamisi, alikuambia kwamba wateja wa siku hizi wanapenda ladha isiyobadilika. Wateja wenyewe waliacha sahani zimejaa. Wahudumu walitania kwamba hata paka wa bustani wameomba uhamisho. Meneja alipeleka malalamiko kwa Mkurugenzi, naye akamjibu kwamba watu hawalipi kiingilio kuja kula, wanalipa kuja kuteleza.

Mjomba alichukuliwa na kampuni. Meneja alimwona huko mara moja tu, alipoalikwa kutembelea jiko. Lilikuwa ukumbi mrefu wenye baridi, sakafu imelowa, watu wamevaa mabuti ya mpira na vifuniko vya nywele hata usiwatofautishe. Alimtambua kwa mabega. Alikuwa amesimama chini ya bomba la chuma lililokuwa likimwaga mchuzi mweupe, anakinga mfuko, anaufunga, anakinga mwingine.

"Unaona nilipofikia," alimwambia bila uchungu. "Nilikuwa mpishi, sasa nakamua ng'ombe wa chuma. Na kuonja hatuonji. Wanasema ladha imeshapimwa."

Alicheka, naye akacheka, na wote wawili wakatazama pembeni. Aliporudi ofisini kwake hakuweza kufanya kazi mchana kutwa.

Msiba wenyewe ulikuja wakati wa likizo za shule, mwisho wa juma ambao watu walijaa bustanini hata nyasi hazikuonekana. Tiketi zilikuwa zimeuzwa pamoja na chakula cha mchana. Saa ya chakula ilipofika lori halikuwa limefika. Foleni ilitoka mgahawani, ikapita mbele ya duka la zawadi, ikazunguka bwawa. Watoto waligonga sinia kwa vijiko, mwanzo kwa mchezo, kisha kwa njaa.

Lori lilipoingia hatimaye kwa mlango wa nyuma, Meneja alishangaa kwa ukimya wake. Siku zote mashine ya baridi ilikuwa ikinguruma juu ya kichwa cha dereva. Dereva alishuka akijifuta jasho. Alisema mashine imezimika njiani, naye akakwama kwenye msururu wa magari ya watu wanaokuja hapa hapa bustanini, jua lote lile likimpiga utosini.

Meneja alifungua mlango wa nyuma mwenyewe. Hewa iliyompiga usoni haikuwa ya baridi. Aliweka kiganja juu ya mfuko wa kwanza, akauweka juu ya mwingine wa chini yake. Vuguvugu, kama chupa ya maziwa iliyosahauliwa kitandani.

Alimpigia Tabasamu, naye akapokea haraka, mchangamfu kama kawaida. Alimwambia wapashe mpaka kichemke, moto hauachi kitu, na akamkumbusha kwamba lori jingine haliwezi kufika kabla ya jioni. Alimpigia Mkurugenzi. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vile vile.

Mikate ilikuwepo, ya chai ya kesho yake. Ndizi zilikuwepo. Angeweza kutoka pale mlangoni, akawatangazia wale watu wote kwamba leo ni mkate na ndizi, na fedha za chakula zitarudishwa. Alijiona amesimama kwenye ngazi akisema hivyo. Aliwaona akina baba wakimpandishia sauti na simu zikiinuliwa kumpiga picha. Aibu hiyo ilimshika kabla haijatokea. Na nyuma yake hapakuwa na jiko, hapakuwa na mtu wa kumwambia washa moto tuanze upya.

Dereva na wapashaji walikuwa wakimtazama.

"Shusheni," alisema.

Kilichemshwa. Kilitoka mvuke, kilinukia kama kawaida, na mistari ikaanza kusogea. Meneja alikwenda kusaidia kupakua kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Mbele yake akafika bibi mmoja mwenye kofia pana ya jua, wajukuu wamemzunguka na maboya yao, akamwuliza kama kuna kitu laini, maana meno yake aliyaacha ujanani. Meneja alimchagulia mwenyewe. Alimwekea wali uliopondeka na mchuzi mwingi mweupe, akamtolea kuku mifupa, akambebea sinia mpaka mezani.

"Mungu akupe, mama," bibi alimwambia. "Siku hizi hakuna anayetujali wazee."

Kabla jua halijazama, mtoto mmoja alitapika ndani ya treni ndogo. Mama yake akadhani ni mzunguko. Kisha mwingine, kwenye ngazi za mabomba. Kisha ikawa haiwezekani tena kusema ni mzunguko. Chumba cha huduma ya kwanza kilijaa, watu wakalazwa kwenye viti vya kuota jua, na magari ya wagonjwa yakawa yanaingia kwa lile geti la maua ambalo familia zilikuwa zikipigia picha asubuhi. Gurudumu lilisimamishwa. Muziki ulisahaulika ukaendelea kulia mpaka mtu akaenda kuuzima.

Wengi walipona. Watoto wana miili inayopigana. Lakini yule bibi mwenye kofia alikuwa na umri wake na sukari yake, na kabla ya juma kwisha habari zikaja kutoka hospitali kwamba amefariki.

Tabasamu alikuja ofisini kwa Mkurugenzi bila tabasamu. Alisema kampuni imechunguza na imepata kosa. Mchuzi uliachwa nje bila kupozwa, kwa uzembe wa mpishi wa zamu, mzee mmoja ambaye kwa kweli alikuwa ameshachoka. Wameshamwondoa kazini, na watampeleka kwa watu wa afya akajieleze. Meneja alijua ni nani kabla hajatajwa. Alitazama mikono yake mapajani. Lori halikutajwa.

Mgeni alipotoka, Mkurugenzi alimwomba abaki. Aliongea taratibu, kama mtu anayemliwaza mfiwa. Alimwambia anajua yule mzee ni nani kwake, na anajua lori lilifika likiwa katika hali gani, dereva ameshasema. Lakini ikijulikana kwamba bustani ilikipokea chakula kile, haitafukuzwa Meneja peke yake. Itafungwa bustani. Wahudumu, waokoaji, wafagiaji, wote wale watakwenda wapi? Mzee ameshakula umri wake, pensheni anayo. Hawezi kufungwa kwa kosa la uzembe tu.

"Wewe kaa kimya," alimalizia. "Siyo uongo. Ni kukaa kimya."

Akakaa kimya. Tusimhukumu haraka, alikuwa na watoto shuleni na mume ambaye kazi yake ilikuwa ya kubahatisha. Tena kila asubuhi alipoingia getini, wafagiaji walimwamkia na akaona nyuso zao. Alijiambia anawalinda. Maneno hayo yalimsaidia mpaka mchana, jioni yalikuwa yameisha nguvu.

Redioni walisema mpishi mzee. Gazetini walisema mpishi mzembe. Mtaani kwa Mjomba hawakuhitaji jina. Mama yake Meneja, ambaye tangu apate ajali ya nyonga alikuwa akiishi naye, alisikiliza taarifa yote akichambua mchele, kisha akazima redio.

"Kaka yangu hapiki uchafu," alisema. "Wewe uko huko. Kuna kitu unakijua?"

"Sijui kitu, Mama."

Mama aliendelea kuchambua. Hakuuliza tena, na kutouliza kwake kukawa kunakaa nao mezani kila mlo.

Zilipita wiki kadhaa kabla Meneja hajapiga moyo konde kwenda kwa Mjomba. Alichukua matunda, akachukua sukari, kama mtu anayekwenda kutazama mgonjwa. Mke wa Mjomba, ambaye tangu utotoni alimwita Shangazi tu, alimpokea kizani kwenye korido na kumnong'oneza kabla hajaingia ndani. Alisema mzee hali vizuri. Alisema haingii jikoni tena, mtu aliyekuwa hamruhusu hata mkewe kukaanga yai. Anaosha mikono mpaka ngozi imechubuka. Anakaa kwenye kiti chake akihesabu kitu kwa vidole, akimaliza anaanza upya.

Meneja alimkuta hivyo hivyo. Alikuwa amepungua, kola ya shati imemzidi shingo. Alimkaribisha, akamwuliza habari za mama yake, na kisha, kana kwamba mazungumzo yalikuwa yamekatizwa dakika moja iliyopita, akaanza kumweleza.

"Mchuzi ulitoka nikaupeleka kwenye chumba cha baridi. Hilo nina hakika. Lakini kuna toroli la pili. Lile la pili nadhani niliitwa, nikaliacha mlangoni. Sikumbuki niliitwa na nani. Siku nyingine nakumbuka nililisukuma ndani, siku nyingine naliona limebaki pale pale." Alisugua kiganja kwenye goti. "Yule bibi alikuwa na wajukuu. Nilimwona gazetini. Nimempikia mtu sumu, mwanangu, na hata sikumbuki saa ngapi."

Meneja alikuwa amekuja kutoa pole. Njiani alikuwa amepanga maneno: kwamba mambo haya hutokea, kwamba watu watasahau. Alikuwa amedhani mzee anajua hana hatia na anaumia kwa kuonewa tu. Haikumpitikia hata kidogo kwamba ameamini.

"Hukuliacha," alisema.

"Wewe utajuaje?"

"Lori lilizima baridi njiani. Lilifika limechemka. Nilifungua mlango mwenyewe, nikagusa mifuko kwa mkono wangu. Nilijua, Mjomba. Watu walikuwa wengi, nikasema washushe."

Nje kulikuwa na watoto wakipiga mpira ukutani. Mjomba aliacha kusugua goti.

"Mifuko ilikuwa ya moto?"

"Vuguvugu."

"Ya juu na ya chini?"

"Yote."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu mwingine aliyeko mbali. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta. Kwa muda mfupi Meneja alidhani ni machozi ya nafuu, akajisogeza karibu, akataka kumshika mkono. Mzee aliuondoa.

"Nimekaa hapa muda wote huu," alisema. "Na wewe ulikuwa unakwenda kazini."

Hakupandisha sauti. Alimwomba aende. Shangazi, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alisogea pembeni ampishe, na chai ikabaki kwenye sinia, haijaguswa.

Kesho yake Meneja hakwenda bustanini. Alikwenda ofisi ya afya, akakaa kwenye benchi na watu waliokuja kwa mambo mengine, hata zamu yake ikafika. Afisa alikuwa mwanamke mwenye mafua. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi, akasema chakula kikishachacha kina sumu isiyokufa hata kikichemshwa, kisha akamwuliza kwa nini hakusema mapema.

"Niliogopa," Meneja alisema.

Mambo yalikwenda kama Mkurugenzi alivyotabiri, ila si kwa wote. Bustani ilifungwa. Wafagiaji na wahudumu walirudi makwao, na wawili watatu walipokutana naye sokoni walivuka upande wa pili. Yeye alishtakiwa, akapewa kifungo cha nje na amri ya kutosimamia tena chakula cha watu. Dereva alipoteza kazi. Tabasamu alihamia kampuni nyingine, watu wakasema anauza magodoro. Mjomba aliondolewa lawama, kwa sauti ndogo. Gazeti lililomtaja mpishi mzembe halikuwa na nafasi ya kusema vinginevyo. Na msimu mwingine ulipoanza, bustani ilifunguliwa, geti limepakwa rangi upya, na lori la kampuni mpya likawa linaingia kwa mlango wa nyuma. Mmoja wa wapashaji alimwambia kwamba mifuko ni ile ile, rangi ya fulana tu ndiyo imebadilika.

Alikwenda pia kwa watu wa yule bibi. Binti yake alifungua mlango nusu, mkono kwenye kitasa. Alimsikiliza Meneja akijitambulisha na kusema alichokuja kusema. Kisha akamwuliza kama ndiye yule aliyembebea mama yake sinia. Meneja akasema ndiye.

"Alikusifu sana," binti alisema. "Mpaka hospitali alikuwa anakusifu."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na Meneja akasimama pale kibarazani akisikia komeo likiingia.

Mama aliijua habari yote kutoka kwa kaka yake, si kutoka kwa mwanawe. Hakugomba. Aliendelea kuishi naye, akaendelea kumwambia chakula kiko mezani na mvua itanyesha anua nguo. Siku za kumtembelea kaka yake alikodi gari, akaenda peke yake, akarudi bila salamu za mtu yeyote. Meneja alipata kazi ya kushona mapazia kwenye karakana ya jirani. Mikono yake ilikuwa mizito kwa sindano, lakini alivumilia.

Mwaka ulikuwa haujageuka mama alipoanguka bafuni, nyonga ile ile, na safari hii daktari alisema wajiandae kukaa hospitalini muda mrefu. Wodi ilikuwa na vitanda vingi vilivyokaribiana. Meneja alikuwa akimbadilisha mama mto alipoona mabega anayoyajua yakiingia mlangoni.

Walisalimiana. Alimwamkia, akaitikiwa. Waliongea kuhusu dawa, kuhusu muuguzi wa asubuhi kuwa mpole kuliko wa jioni, kuhusu nani atakaa siku gani. Waliongea kama watu wawili waliokutana kwenye chumba cha kusubiri, na mama alilala katikati yao akiwa amefumba macho, ingawa hakuwa amelala. Mjomba alikuwa amenenepa kidogo. Alinukia vitunguu.

Walipomaliza kupanga zamu, Meneja alisema yeye ataleta uji asubuhi, kwa sababu wa hospitali ni maji matupu na mama hawezi kuumeza.

Mzee alikuwa akifunga vifungo vya koti. Alivifunga vyote kwanza.

"Uji usilete wewe," alisema. "Nitapika mimi."

Meneja alisema sawa. Alichukua jagi lililokuwa chini ya kitanda, akaenda kutafuta maji.